Mkono wa Kulia

Mama mkubwa alibakiwa na mkono mmoja wa kuchomwa sindano, nao ulikuwa umechoka. Wa kushoto ulitoka kwenye hesabu siku alipokatwa ziwa la kushoto pamoja na matezi ya kwapani. Tangu siku hiyo, kila muuguzi aliyemsogelea na kanyula aliambiwa na mgonjwa mwenyewe kabla hajafungua pakiti: "Huo hapana, mwanangu. Huu hapa." Huu hapa ndio mkono wa kulishika jembe, wa kusalimia watu, wa kutia tonge. Ndio pia uliopokea dozi mbili za doksorubisini, dawa ambayo wagonjwa wengi huitambua kwa rangi yake nyekundu kuliko kwa jina. Baada ya dozi ya pili, mshipa unaotoka kwenye kifundo cha mkono kupanda kwenye kiwiko ulibadilika rangi, ukawa mgumu. Ukiupitishia kidole unahisi waya wa seng'enge chini ya ngozi.

Kama hujawahi kukaa kwenye chumba cha dripu za saratani, ni chumba cha watu wanaotazama mikono yao. Mmoja ameutumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili mishipa ijitokeze. Mwingine anafumba na kufumbua ngumi. Muuguzi anapigapiga kwa vidole viwili, anainama, anajaribu, mshipa unakimbia. Siku ya dozi ya pili mama mkubwa alichomwa mara tano, na sioni wa kumlaumu. Yule dada alikuwa na mkono mwepesi kuliko wengi niliowaona. Tatizo ni kwamba dawa ile ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, na kidonda chake kinaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo muuguzi akiwa na shaka hata kidogo, anachomoa na kuanza upya. Kuchomwa mara tano kulikuwa ni kumlinda.

Daktari, kijana asiyenizidi miaka mingi, akatuita pembeni akatuambia kuna njia tatu. Ya kwanza, tuendelee hivi hivi na mishipa ya mkono, kwa tahadhari. Ya pili, awekewe piki: mpira mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa mkono juu ya kiwiko, unasukumwa mpaka ncha yake ifike kwenye mshipa mkubwa ulio jirani na moyo, na mkia wake unabaki nje ya ngozi chini ya bandeji. Ya tatu ni porti, kikopo kidogo kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua kwa upasuaji mdogo, kikiunganishwa na mpira unaokwenda huko huko. Porti haina mkia. Siku ya dawa unachomwa kupitia ngozi kwa sindano yake maalumu, siku nyingine zote hakuna kitu cha kuonekana. Piki ilikuwepo. Porti tungepaswa kuinunua wenyewe na kusubiri zamu ya chumba cha upasuaji, na bei tuliyotajiwa ilikuwa kama ng'ombe wawili.

"Mkafikirie," akasema. "Dozi ya tatu ni wiki ijayo."

Nasomea shahada ya uzamili ya takwimu. Katika ukoo wetu hiyo maana yake ni kwamba mimi ni daktari nusu, mhasibu nusu, na mtu wa kujaza fomu za watoto wa shule. Simu zilianza jioni ile ile. Mjomba alisema kwa kifupi: "Wewe ndiye msomi. Piga hesabu utuambie."

Nikapiga hesabu.

Kwanza nilisoma hii mipira imetoka wapi, kwa sababu nikiogopa kitu huwa naanza na historia yake. Mwaka 1929, katika mji mdogo wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alijipitishia mpira kwenye mshipa wa kiwiko chake mwenyewe, akausukuma sentimita 65, kisha akatembea mpaka chumba cha eksirei kuonyesha kwamba ncha imefika moyoni. Hakupata sifa za maana wakati ule. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956. Mpira unaoachwa mwilini kwa miezi ulikuja baadaye: ule wa Hickman, unaotokea kifuani, ulielezwa kule Seattle mwaka 1979, na porti zikaanza kuandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo kitu tulichokuwa tunakibishania kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kina umri usiozidi sana wa mama yangu.

Kisha nikatafuta namba. Utafiti mkubwa niliouona unafaa ulifanyika Uingereza, katika vituo 18 vya saratani, kati ya mwaka 2013 na 2018, na ukachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2021. Wagonjwa 1,061 waliotarajiwa kupata dawa kwa wiki 12 au zaidi waligawiwa kwa kura: wengine piki, wengine Hickman, wengine porti. Walipolinganishwa wa porti na wa piki, wenye porti waliopata madhara ya kifaa, yaani maambukizi, damu kuganda, mpira kuziba au kuchomoka, walikuwa asilimia 32. Wenye piki walikuwa asilimia 47. Na porti zilikaa mwilini muda mrefu zaidi.

Kwenye karatasi, basi, jibu lilikuwa ng'ombe wawili.

Lakini nilivyozidi kuitazama ile jedwali ndivyo nilivyoona kwamba swali lao si letu. Wao waliuliza mpira upi. Sisi tulikuwa tunauliza mpira au hakuna, na zaidi ya hapo tulikuwa tunauliza: mpira, Makuyuni?

Makuyuni ninayoisema si ile ya Monduli wanayopita watalii. Ni yetu ya Korogwe, kwenye barabara kuu ya kwenda Mombo, milima ya Usambara ikiwa upande mmoja na mkonge ukiwa mahali pengi unapotupa jicho. Mama mkubwa alifanya kazi ya mkonge ujanani. Alianika singa zikitoka korona, yaani mashine ya kuchakata majani, jina lililokuwepo mdomoni mwa wazee wetu miaka mingi kabla ugonjwa haujaja kulichafua. (Mkonge wenyewe ulifika pwani ya Tanga mwaka 1893, miche elfu moja kutoka Florida, na iliyonusurika safari ni 62. Huwa nasimulia namba hii kwa wanafunzi wenzangu wakilalamika kuwa sampuli zao ni ndogo.) Kule kuna joto. Kuna vumbi la msimu wa kiangazi linaloingia mpaka kwenye sufuria yenye kifuniko. Maji ya bomba yana siku zake, na siku ambazo si zake unabeba ndoo.

Sasa chukua piki uipeleke huko. Bandeji inatakiwa kubaki kavu. Mpira unatakiwa kusafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali kila wiki, na mtu aliyefundishwa, mwenye glavu safi, asiye na haraka. Mkono usinyanyue vizito. Joto la mwili likifika 38, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, kwa sababu dawa za saratani zimeshusha kinga na mpira ni njia iliyonyooka kwenda moyoni. Nilimpigia muuguzi mmoja ninayemfahamu wa huko nyumbani nikamuuliza kama wanaweza kuihudumia. Alinijibu kwa uungwana mkubwa: "Dada, nikikwambia naweza nitakuwa nakudanganya. Nitumie maelekezo nisome, lakini usimlete kwangu kwa majaribio." Nilimheshimu kwa jibu hilo, na nikaiweka kwenye daftari kama takwimu mojawapo.

Usiku wa pili nilifanya hesabu ambayo sijaiona mahali pengine, ingawa ni ya darasa la saba. Kuanzia dozi ya tatu mpaka ya mwisho kwenye mpango wake kulikuwa na siku 119: dozi mbili za dawa nyekundu zilizobaki, moja kila wiki tatu, kisha dozi 12 za paklitakseli, moja kila wiki. Siku 119 ni saa 2,856. Kati ya hizo, dawa ingekuwa inapita ndani ya mpira kwa saa 40 hivi. Yaani faida ya mpira inapatikana katika asilimia 1.4 ya muda ambao uko mwilini. Hatari yake haina ratiba. Iko pale ukilala, ukipika, ukipanda bodaboda, ukienda msibani.

Nilifurahia sana hiyo asilimia 1.4. Nilikuwa karibu kuandika kwenye kundi la ukoo kwamba tuachane na mipira. Kilichonizuia ni kile kinachopita ndani ya hizo saa 40.

Daktari alikuwa ametaja, kama mtu anayefungua dirisha kidogo, kwamba tukibaki na mishipa ya mkono paklitakseli inaweza kutolewa kila wiki tatu, mara 4 tu badala ya 12. Kuchomwa kungepungua sana. Nikaenda kusoma hilo nalo. Mwaka 2008 jarida la New England lilichapisha utafiti wa Marekani wa wagonjwa 4,950 wa saratani ya matiti. Waliopata paklitakseli kila wiki, baada ya miaka 5, walikuwa hai kwa asilimia 89.7. Waliopata kila wiki tatu, asilimia 86.5. Tofauti ya watu 3 katika 100.

Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tunapima nini. Mpira peke yake hautibu chochote. Ni mlango, swali ni kama unauhitaji mlango ili upate kinachoingia. Upande mmoja kulikuwa na watu 3 katika 100 wanaoishi kwa sababu dawa ilikuja kila wiki. Upande wa pili kulikuwa na karibu nusu ya wenye piki wanaopata tatizo fulani, mengi yao ya kuudhi tu, machache ya kuua. Huwezi kuyaweka haya kwenye mizani moja bila mtu kusema kila kimoja kina uzito gani kwake. Mimi nilikuwa na namba. Uzito alikuwa nao mama mkubwa, ambaye mpaka wakati huo hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya kama ameshakula.

Kikao kilifanyika chumbani kwangu Dar es Salaam, simu ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, spika imewashwa. Mjomba alikuwa tayari kuuza ng'ombe. Anao watatu, na alisema wawili si kitu mbele ya dada yake. Baba aliuliza kama porti inatolewa baadaye au mtu anazikwa nayo. Binamu yangu wa Korogwe mjini alikuwa amesikia habari ya mtu aliyewekewa mpira akafa, na alipoulizwa alikufa kwa nini akasema kwa saratani. Walipomaliza kuzungumza, mama mkubwa, aliyekuwa amekaa kitandani akichambua mchele, akauliza maswali yake.

La kwanza: huo wa kifuani unakaa wapi hasa? Nikamgusa chini ya mfupa wa bega, upande wa kulia. Akashika pale pale, mahali linapokaa fundo la kanga yake. "Hapa?" Akatikisa kichwa.

La pili: huo wa mkononi, bandeji yake inaanzia wapi? Juu ya kiwiko, nikamwambia. Akakunja mkono, akapima kwa vidole. Udhu unafika kiwikoni. Angewezaje kuosha mkono mpaka kiwiko mara tano kwa siku bila kulowesha kitu kilicho vidole vitatu juu yake? Katika kurasa zote nilizosoma wiki ile hapakuwa na mtu aliyeandika juu ya udhu. Alimpigia ustadhi wa nyumbani, akaeleza kila kitu, mpaka urefu wa mpira. Ustadhi akamwambia penye bandeji ya tiba panapakwa tu kwa mkono wenye maji, na kama hata kupaka kuna madhara basi dini si ya kumuumiza mtu. Alipokata simu nilimwona uso umelegea.

La tatu lilikuwa la kwangu. "Nikiwekewa huu, nitakaa kwako siku zote hizo?"

Ndiyo, mama.

"Chumba kimoja?"

Ndiyo.

"Na masomo yako?"

Nilisema masomo yapo. Akarudi kwenye mchele. Baada ya muda akasema, "Basi wauweke wa mkono. Ng'ombe waacheni."

Akawekewa. Ilichukua muda mfupi kuliko kumtafuta mshipa siku ile ya mara tano: ganzi kidogo, mashine ya kuonyesha mishipa, kisha eksirei kuhakikisha ncha iko mahali pake. Dozi ya tatu ya dawa nyekundu ilipita bila mtu kupigapiga mkono. Alikuwa akiitazama ikishuka, akaniambia kwa mshangao kwamba hasikii chochote.

Tuliishi hivyo. Asubuhi nilifunga mkono wake kwa plastiki ya jikoni kabla hajaoga, kisha kitambaa juu yake. Nilinunua kipimajoto nikakitundika kwenye msumari pamoja na daftari, na kila jioni tuliandika namba: 36.5, 36.8, 36.4. Sijawahi kuwa na data safi kama zile. Yeye alizisoma kwa sauti kama mtu anayesoma mizani ya mahindi.

Wiki ya tisa kaka yake wa kwa baba mdogo akafariki, Makuyuni. Sikujaribu kumzuia. Kuna wanaodhani mgonjwa anaweza kuambiwa asiende kumzika ndugu yake kwa sababu ya bandeji. Watu hao hawajakaa na mtu wa Korogwe. Tulikwenda siku nne, kilomita 300 na ushei, basi likiwa na madirisha wazi. Nilibeba bandeji za akiba, glavu, spiriti na barua ya daktari. Msibani wanawake walimtandikia mkeka pembeni, wakamkataza kushika mwiko, na kila aliyekuja kumpa mkono alipewa wa kushoto, jambo ambalo kwa desturi zetu ni karibu na tusi. Alieleza kwa kila mtu. Siku ya tatu nikaona ameacha kueleza, anatoa wa kulia. Jioni kipimajoto kilisema 36.9.

Homa ilikuja mwezi mmoja baadaye, tukiwa Dar, hatujasafiri popote, siku tatu baada ya dozi ya 8 ya paklitakseli. Saa nne usiku, 38.3. Alikuwa anatetemeka huku akiniambia ni malaria tu, nimpe panadoli alale. Tulikwenda. Walitoa damu sehemu mbili, kwenye mpira na kwenye mshipa, wakaiotesha, wakaanza antibayotiki usiku ule ule bila kungoja. Siku ya pili majibu yakaonyesha bakteria kwenye chupa zote mbili. Mpira ukatolewa. Ulikuwa umekaa siku 94.

Kwenye lugha ya masomo yangu hilo ni tukio moja kwa siku 94, au 10.6 kwa siku 1,000 za katheta, namba ambayo mwalimu yeyote angenirudishia na wino mwekundu kwa sababu sampuli ina mtu mmoja. Katika jedwali la wale wa Uingereza angehesabiwa upande wa asilimia 47. Angehesabiwa mara moja, na pasingekuwa na safu ya kuonyesha kwamba dozi 10 zilikuwa zimeshapita salama, au kwamba ule mshipa uliokuwa kama seng'enge, baada ya kuachwa miezi mitatu, ulikuwa umeanza kulainika, na mishipa ya mgongo wa kiganja imerudi kuonekana. Dozi 4 zilizobaki alizipata kwa kanyula, baada ya kupumzika wiki moja. Mbili walimpata kwa mara ya kwanza. Moja ilikuwa mara tatu. Ya mwisho sikumbuki. Nilikuwa kwenye mtihani, alikwenda na jirani.

Siku ya kuutoa muuguzi aliuvuta polepole kama mtu anayetoa uzi kwenye pindo, akaulaza kwenye shashi, akaupima: sentimita 41. Mama mkubwa aliomba auone. Akautazama, akageuza uso kwangu, akauliza kama usiku ule anaweza kutawadha kawaida. Muuguzi akajibu kabla yangu kwamba asubiri mpaka kesho, tundu lifunge.

Alirudi nyumbani kwa basi la alfajiri. Ana kliniki kila baada ya miezi mitatu, na mpaka sasa hawajaona kitu. Mwezi uliopita, nikiwa naandika haya, nilimpigia nikamuuliza: angerudishwa siku ile ya kikao, akijua ya homa na ya usiku ule hospitalini, angechagua kipi? Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia jogoo, na lori likishusha gia barabarani.

"Ng'ombe wa mjomba wako si wapo?"

Wapo, nikasema. Mmoja amezaa.

"Haya," akasema. Akaniuliza kama nimekula.